Shajara ya mradi: Krismasi ya Rombo, kutoka shilingi milioni 8.2 mpaka chini ya milioni 3

Naandika hii kwa ajili ya familia yoyote ambayo kila Desemba inapanda kwenda nyumbani mkoa wa Kilimanjaro na inarudi Dar Januari haina hata ada ya mtoto. Sisi tumezaliwa saba, wanaume watano na wanawake wawili. Baba alifariki 2016, mama ana miaka 78, yupo kihambani (shamba la migomba la ukoo, lenye nyumba na makaburi) Rombo, juu kidogo ya mji wa Mkuu, na mdogo wetu wa mwisho, maana kwa mila yetu Wachaga ndo anayebaki na nyumba. Mimi ni wa pili, kaka mkubwa na mimi tupo Dar, wengine Arusha na Mwanza, dada mmoja kaolewa Mwika na mwingine yupo Dar. Nimekuwa mwekahazina wa familia miaka minne kwahiyo risiti zote ninazo. Tarehe ni za siku jambo lilipoanza, mengine chini yake nimeyaongezea baadae.

7 Januari 2024: Tulipoanzia

Nimekaa leo nikajumlisha Krismasi iliyopita. Sare za kitenge 1,260,000. Turubai, viti, mziki na MC 1,150,000. Ng'ombe 1,400,000. Mbuzi watatu, mmoja ndafu (wa kuchomwa mzima), 600,000. Wapishi wa kukodi 1,300,000. Bia na soda 1,640,000. Mapambo na keki 480,000. Mpiga picha 400,000. Jumla 8,230,000, na hapo nauli na mafuta ya magari sijaweka, kila mtu alijibeba.

Hela inauma ila sio iliyonifanya nianze huu mradi. Tarehe 27 asubuhi tunapakia mabegi, mama amesimama mlangoni ameshika fimbo yake, akaniambia taratibu kabisa, "Mmekuja, lakini sijakaa na nyie." Nikakumbuka siku ya sikukuu alikaa kiti cha mbele kwenye turubai tangu saa nne, kavalishwa kitenge kipya, kila anayekuja anapiga nae picha anaondoka, spika ipo mita tano kutoka sikioni kwake, saa tisa akaomba apelekwe kulala. Na wiki hii mdogo wangu wa Arusha amekopa kwenye kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) alipe ada. Nimewaambia wenzangu mwaka huu tunabadilisha.

18 Februari: Jaribio la kwanza la kukata

Tumefanya kikao kwa simu, masaa mawili na nusu. Nilikuja na pendekezo rahisi, tuchukue orodha ya 2023, kila kitu cha gharama kubwa au cha usumbufu tukitoe. Kaka mkubwa alitetea MC na ndafu, akasema watu wa pale kijijini wataona tumefilisika. Mke wa mdogo wangu akatetea sare. Tukapiga kura kwenye grupu la WhatsApp na hapo ndo tukaharibu, maana kura ya kwenye grupu kila mtu anaona nani kapinga cha nani, watu wawili wakanuna na mmoja akatoka kwenye grupu (alirudi baada ya wiki).

Tulikubaliana kitu kimoja tu, tujaribu sikukuu ndogo Pasaka tuone inakuaje.

31 Machi: Majaribio ya Pasaka, yameshindikana

Tumeenda watu tisa. Hatukuchinja, tulinunua nyama kilo 8 buchani Mkuu. Hatukupika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, tukabeba soda. Mke wangu na wifi yake wakapika pilau, saa saba tumeshakula, vyombo vimeoshwa, nikawa najisikia vizuri kweli kwamba tumeweza.

Kuanzia saa nane wakaanza kuja majirani na watu wa ukoo. Hawakuja kuomba, walikuja kama wanavyokuja siku zote, mtu anaingia anasalimia anakaa kwenye benchi la nje. Kwetu ukifika hivo unapewa mbege kwenye kata, na kama watoto wa nyumba ile wametoka mjini kuna nyama yako kipande fulani, haijalishi ni kidogo kiasi gani. Hatukuwa na kitu. Tuliwapa soda. Baba mdogo, ana zaidi ya miaka 80, aliishika ile chupa mkononi muda wote hakuifungua, alipoondoka akaiacha juu ya benchi. Mama akaingia jikoni akatoa nyama yake aliyowekewa ya wiki akaanza kuigawa kwa kisu, vipande kama vya kidole, huku machozi yanamtoka.

Hilo ndo kosa kubwa la mradi huu wote na nataka mtu mwingine asilirudie: tulikata kwa kuangalia bei na usumbufu. Mbege ni usumbufu, kuchinja ni usumbufu, tukavitoa, na kumbe ndo vilikuwa vinawaleta watu pale. Sare na mziki tulikuwa bado hata hatujakubaliana kuvitoa.

Halafu ilikuwa masika, gari ilikwama kwenye tope mita 300 kabla ya nyumbani, tukalipa vijana 30,000 kusukuma. Gharama yote na mafuta 640,000.

14 Aprili: Swali moja

Safari hii sikuitisha kikao. Nimempigia kila mtu peke yake, watu wazima 13 na watoto 6, nikauliza swali moja tu: Krismasi gani ya nyumbani unaikumbuka kuliko zote na nini kilitokea? Nikawa naandika kwenye daftari wanavyosema bila kubishana nao.

Hakuna hata mmoja aliyetaja sare. MC hakutajwa. Keki hakuna. Watoto wanne kati ya sita wamesema kulala chini wote sebuleni kwa bibi kwenye magodoro. Binti yangu alisema bibi kumfundisha kumenya ndizi za mtori (supu nzito ya ndizi na nyama), kwamba unapaka mafuta mikono kwanza ili utomvu usikushike. Shemeji, mume wa dada, alisema mwaka ambao baba alimtembeza kihamba chote akamwonyesha mpaka kwa masale (mimea ya kuonyesha mpaka) na kaburi la babu, "ndo siku nilijiona ni mtu wa pale". Kaka mkubwa, yule yule wa MC, alikaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani imekata, akasema ni 1994 tulipokuwa hatuna kitu, baba akachinja beberu mmoja tu, na yeye ndo alitumwa kupeleka nyama kwa ukoo nyumba kwa nyumba akiwa kaifunga kwenye jani la mgomba.

Mama nilimuuliza mwisho. Akasema, "Siku za kupika mbege, wanawake wote wakiwa jikoni kwangu." Sio siku ya kunywa jamani, siku za kupika.

Kwahiyo tumepata vitu vinne ambavyo haviguswi: mbege ipikwe nyumbani na sisi wenyewe, tuchinje na nyama ipelekwe kwa miguu, makaburi na kikao cha ukoo, na wote kulala nyumba moja. Kingine chochote kinajadilika.

9 Juni: Michango

Miaka yote tulikuwa tunatoza kila kaka 1,200,000 sawasawa, na bia na mapambo watu wanajitolea juu yake. Mdogo wa Mwanza anafanya kazi za msimu, 2022 hakuja kabisa na tulikuja kujua baadae alikuwa hana mchango akaona aibu. Hiyo ilikuwa inaniuma.

Jaribio: fungu moja ni 150,000, kila mtu aniambie mimi tu pembeni anachukua mafungu mangapi, hata sifuri, na kwenye grupu natangaza jumla peke yake. Mwenye sifuri anachukua kazi. Imefanya kazi kuliko nilivyotegemea, mafungu 25 yameahidiwa, yani 3,750,000, na madada ambao zamani hatukuwa tunawahesabu kwenye michango kwasababu wameolewa wamechukua mafungu 5 kwa hiari yao. Kilichoshindikana ni tarehe ya mwisho, niliweka 30 Juni na hela iliyoingia ni ya mafungu 9 tu. Nikabadilisha ikawa kidogo kidogo kila mwezi kwa M-Pesa mpaka Novemba 30, wote wakamaliza. Ile 640,000 ya Pasaka tuliotoa wachache tumeirudisha kutoka humu humu.

22 Septemba: Sare

Nilijua itakuja. Tulikuwa tumesema hakuna sare ila hakuna aliyemwambia shemeji yangu uso kwa uso, mke wa mdogo wangu wa Arusha, yeye ndo alikuwa anasimamia kila mwaka na anaifanya kwa moyo. Ameshaweka oda, ametanguliza 180,000 na muuzaji harudishi. Akalia kwenye simu, akasema tunamfanya aonekane mtu wa kupenda mambo makubwa.

Kosa ni letu. Ukitoa kitu kwenye sikukuu umemtoa na mtu aliyekuwa anakibeba, lazima umpe nafasi nyingine kabla hujatangaza. Nilimpigia nikamuomba msamaha, kisha nikamuomba asimamie watoto: nani analala wapi, nani anapeleka nyama kwa nani, wajifunze majina ya nyumba zote za ukoo. Alikubali, na nikiri ndo kazi iliyofanyika vizuri kuliko zote mwaka huu. Zile 180,000 tulizichukua kama vitenge vya kawaida, kimoja cha mama, vingine vya mashangazi.

12 Desemba: Usafiri

Kwa kifupi. Desemba mabasi ya Moshi na Rombo yanajaa mapema na ukichelewa unaishia kwa wapiga debe na bei zao. Tukaona tukodi kosta (basi dogo) moja ya familia nzima, tukatanguliza 150,000 mwezi wa kumi. Tarehe 4 Desemba mwenye gari akapandisha bei karibu mara mbili, tukakataa, hela imeenda. Tulitakiwa tuandikishane kwa maandishi, hatukufanya hivo.

Kilichotuokoa ni kwamba shule zilishafungwa. Watoto watano wamepanda leo na dada na mke wa kaka kwa treni ya Dar kwenda Moshi, inatumia muda mrefu kuliko basi ila watoto wameipenda kwasababu wanatembea ndani. Sisi wenye kazi tunaenda tarehe 19 na 20 kwa basi na magari mawili. Zamani tulikuwa tunafika wote tarehe 23 usiku tumechoka. Ukiweza, tanguliza watoto, bibi anakaa nao wiki nzima kabla kelele haijaanza.

21 Desemba: Mbege

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo penyewe.

Kwa asiyejua, mbege ina pande mbili. Ndizi mbivu zinachemshwa muda mrefu mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke kisha zinakamuliwa. Upande wa pili ni ulezi, unalowekwa uote, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji. Siku ya mwisho unachanganya, kesho yake inanyweka, na haikai sana, ikipita siku inakuwa kali. Ukikosea kuhesabu siku umepoteza kila kitu.

Tulikosea kuhesabu siku. Dada aliyetangulia na watoto alichemsha ndizi tarehe 14 akitaka kumpunguzia mama kazi, zilipofika 18 zilikuwa zimepitiliza, mama akanusa akasema hii wape ng'ombe. Ndizi mikungu sita na kuni, kama 55,000 imekwenda. Alitaka kujificha kwa aibu ila mama alimshika mkono akamkalisha kwenye kigoda akamwambia, "Mimi ya kwanza kwa mama mkwe wangu niliharibu mara mbili." Dada ana miaka 49, hiyo stori hajawahi kuisikia.

Wakaanza upya 18 jioni. Mimi nilifika 19 usiku nikawakuta jikoni wanawake saba, jirani wawili wamo, moshi mpaka nje, mke wangu amejifunga khanga kichwani anakoroga, na mama amekaa katikati anahadithia alivyoolewa. Huko jikoni simu hazishiki vizuri, na hakuna aliyekuwa anaitafuta simu. Binti yangu ndo aliyepewa kuchunga ulezi usiguswe na kuku, alikaa nao kwenye jua siku mbili nzima kabla haujasagwa.

Shida nyingine, pipa la mbao la mama limepasuka chini, linavuja taratibu. Tumelizibia kwa muda tu. Leo tumechanganya uji, mama anasema kwa hizi siku chache itakuwa nyepesi kidogo ila itafika. Sehemu ya pili itachanganywa 24 kwa ajili ya sikukuu.

Ukitaka kuiga: anza siku ya kunywa, rudi nyuma ukihesabu, na mpe kauli ya mwisho mzee anayejua kunusa.

25 Desemba: Nyama

Misa ya mkesha jana usiku, wote tumeenda kwa miguu. Ng'ombe alichinjwa jana asubuhi (1,300,000, tulimlipia Oktoba akiwa kwa jirani, Desemba bei zinapanda), na mbuzi mmoja kwa ajili ya kisusio (supu ya mbuzi yenye damu). Hakukuwa na turubai. Tumekodi viti 30 vikawekwa chini ya migomba. Mtori na machalari (ndizi za kupika na nyama) tumepika wenyewe kwa zamu ambayo ilivurugika saa nne asubuhi kwasababu sufuria kubwa ilikuwa moja tu, wageni wakasubiri chakula mpaka saa tisa. Mwakani tuazime sufuria mbili kabla.

Nyama ilienda nyumba 21. Watoto wawili wawili na mtu mzima mmoja, kila fungu kwenye jani la mgomba, na mdogo wetu wa mwisho ndo alikata maana baba alimfundisha nani anapata wapi. Mimi nilienda na mtoto wa Arusha, ana miaka tisa, kwa shangazi mkubwa, dada yake baba. Macho yake hayaoni tena. Mtoto akamwekea jani mapajani. Shangazi akalifungua, akapapasa ile nyama taratibu na vidole, akafika kwenye uti wa mgongo akahesabu pingili, moja, mbili, tatu, nne, akasimamisha kidole. Akasema, "Hiki ni changu. Tangu kaka yangu afe nilikuwa naletewa nyama, sio hiki." Mtoto akaniangalia. Sikuwa na la kusema, miaka saba tulikuwa tunamtumia nyama nzuri tu, ya steki, mpishi wa kukodi alikuwa anafunga kwenye mfuko bila kujua, na sisi hatukuwahi kuuliza.

Shangazi alimkalisha yule mtoto pembeni yake na kumtajia majina ya babu mpaka wa sita. Tulirudi giza limeingia.

Baba mdogo alikuja jioni. Alipewa kata ya mbege, akanywa, akasema ni nyepesi. Akaomba nyingine.

26 Desemba: Makaburi na kikao

Asubuhi tumefyeka makaburi yote kihambani, tukapaka chokaa, 45,000. Kila mtu mzima alisimulia kitu kimoja kuhusu aliyelala pale ili watoto wajue. Miaka mingine saa hizo tulikuwa tumelala kwa uchovu wa disko.

Kikao cha ukoo kilikuwa na jambo gumu, kaka mkubwa na baba mdogo mwingine walikuwa hawasalimiani tangu 2019 kwa ajili ya mpaka. Nilitegemea litapita kimya kama kila mwaka, mwaka huu hakukuwa na mziki wa kujifichia. Kaka alinyanyuka akaenda mpakani akakata sale akamletea. Kwetu mtu akikuletea sale huwezi kumkatalia msamaha. Mzee alilipokea. Mpaka wenyewe bado haujapimwa, wamekubaliana mwezi wa pili waende na wazee watatu, kwahiyo hili nitaliandika likiisha.

5 Januari 2025: Hesabu

Ng'ombe 1,300,000. Mbuzi 190,000. Mbege yote pamoja na iliyoharibika 165,000. Chakula kingine 410,000. Soda na bia kidogo 290,000. Viti 30,000. Misa ya shukrani 100,000. Makaburi 45,000. Vitenge 180,000. Kosta tuliyopoteza 150,000. Jumla 2,860,000. Ukiongeza majaribio ya Pasaka 640,000 inakuwa 3,500,000. Michango ilikuwa 3,750,000, zimebaki 250,000. Ada za watoto wote zimelipwa bila kikoba.

Ambayo hayajakaa sawa: mdogo wa Mwanza hakuja tena. Alichukua sifuri, nikamwambia aje na mikono yake tu, akasema sawa, tarehe 22 simu ikawa haipatikani. Kwa hiyo aibu yake haikuwa ya hela peke yake na sijui bado ni nini, nitaenda Mwanza mwezi wa tatu nikakae nae. Pia kelele za watu kwamba tumeishiwa zilikuwepo, kaka mkubwa kazisikia Mkuu sokoni na zimemuuma, bado tunaongea.

Kuhusu 250,000 tulimuuliza mama anataka nini, tukitegemea atasema blanketi au dawa. Amesema pipa la mbege, lile lake limechoka. Fundi wa mbao wa kule juu ameshapewa kazi, 140,000, tumemlipa nusu, na ameahidi litakuwa tayari kabla ya Pasaka, 20 Aprili. Mama amesema ndizi zianze kuchemshwa tarehe 13, na binti yangu ameshaomba aende mapema awahi kuanika ulezi.